Nyaraka za Django zimo ndani ya kompyuta yako

Juzi bando liliniishia hapa Ntinda, Kampala, katikati ya kazi, ndipo nikajua kwamba maelezo ya Django (mfumo wa Python wa kutengeneza tovuti) yanasomeka bila intaneti. Kwenye terminal, ndani ya folda ya mradi wako, fungua `python manage.py shell`, andika `from django.db.models import QuerySet`, kisha `help(QuerySet.get_or_create)`, yaani msaada wa amri inayotafuta rekodi na kuiunda kama haipo. Utaona vigezo vyote, na maelezo kwamba inarudisha vitu viwili: rekodi yenyewe, na `created` inayokuambia kama imeundwa sasa hivi au ilikuwepo. (Wengi husahau hicho cha pili, halafu programu inagoma.) Kutoka, bonyeza q.

Uzuri wake si kuokoa data tu. Maelezo hayo yanasomwa kutoka kwenye Django uliyosakinisha, kwa hiyo ni ya toleo lako hasa. Ukitafuta Google unaweza kuangukia ukurasa wa toleo la zamani usijue.

Haisaidii pale maelezo ya ndani ni mafupi mno. Kwa `QuerySet.filter` utapata sentensi moja tu, bila orodha ya vichujio kama `icontains`, `gte` na wenzake. Hapo nenda docs.djangoproject.com, na kabla ya kusoma uchague toleo linalolingana na jibu la `python -m django --version`.