Jinsi ya kukokotoa wastani wa joto na kuusoma

Wastani hauwezi kuwa sahihi kuliko vipimo vilivyouzaa, kwa hiyo kazi inaanzia uwanjani. Vipimajoto vikae ndani ya kisanduku cheupe chenye kuta za vipande vilivyoinamishwa, hewa ipite na jua lisiingie. Kisimame mita 1.25 hadi 2 kutoka ardhini, juu ya nyasi fupi, mbali na kuta, lami na mabati. Ukuta uliokunywa joto mchana kutwa hulitoa usiku, nalo joto la chini la alfajiri hupanda bila tabianchi kubadilika hata chembe. Kosa hili ni baya kuliko mengine kwa sababu namba zinafuatana vizuri. Ni kwamba zote zimezidi.

Vinahitajika vipimajoto viwili: cha joto la juu kabisa, na cha joto la chini kabisa, ambacho hutumia spiriti. Visome kila siku saa 3 asubuhi, jicho likiwa sawasawa na ncha ya kimiminika. Katika kile cha spiriti, soma mwisho wa kijiti cha ndani ulio mbali na tungi (kifuko cha kioo kinachohifadhi spiriti), kisha inua upande wa tungi ili kijiti kirudi kwenye ncha ya spiriti. Spiriti ikikatika na sehemu yake kubaki juu ya bomba, kipimo kitaonyesha joto dogo kuliko lililopo.

Joto la juu unalosoma asubuhi ni la jana mchana: liandike kwenye mstari wa jana. La chini ni la leo. Wala usihamishie usomaji saa 10 alasiri. Ukikiandaa kipimajoto cha joto la juu kianze upya wakati jua bado ni kali, joto lilelile hubaki ndani yake na kuhesabiwa tena kesho, hata kama siku hiyo nzima ni ya mawingu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Juu 31.4, chini 22.8: jumla 54.2, gawa kwa 2, wastani wa siku ni 27.1°C. Wastani wa mwezi ni jumla ya wastani za siku ukigawa kwa siku zilizopimwa. Siku iliyokosekana iache wazi. Ukiandika sifuri utaushusha mwezi mzima. Zikikosekana siku 11 au zaidi, au 5 mfululizo, usikokotoe mwezi huo. Ili uzungumzie tabianchi, Shirika la Hali ya Hewa Duniani hutumia miaka 30. Kipindi cha sasa ni 1991 hadi 2020.

Sasa usomaji, na hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu wanaushika wastani wa mwaka peke yake. Linganisha Mombasa na Muscat, mji mkuu wa Oman. Mombasa ina wastani wa mwaka wa karibu 26 hadi 27, Muscat karibu 28. Ukiishia hapo utadhani miji hii inafanana. Lakini Mombasa, nyuzi 4 kusini mwa ikweta, mwezi wa joto zaidi na wa baridi zaidi hutofautiana kwa nyuzijoto kama 4 tu. Muscat iko karibu na Tropiki ya Kansa, mstari wa nyuzi kama 23.4 kaskazini mwa ikweta: Januari ni karibu 21, Juni karibu 35. Kwa hiyo kila wastani wa mwaka uuandike pamoja na mwezi wa joto zaidi, mwezi wa baridi zaidi na tofauti yao.

Tofauti ya mchana na usiku nayo inasema mengi. Bara, kwenye hewa kavu kama ya Dodoma kiangazi, ni kubwa. Pwani unyevunyevu na bahari huipunguza. Kisha angalia mwezi wa baridi zaidi: ukifika 18°C au zaidi, mahali hapo huhesabiwa kuwa pa joto la kitropiki. Nairobi hushuka chini ya hapo Julai ingawa iko jirani na ikweta, kwa sababu ya mwinuko. Joto hupungua kwa wastani wa nyuzijoto 6.5 kila mita 1,000.

Ukitaka kujua kama mahali panazidi kupata joto, toa wastani wa miaka 30 katika wastani wa kila mwaka, na joto la juu na la chini uyafuatilie kila moja peke yake. Kisanduku kikihamishwa, andika tarehe daftarini na upime sehemu zote mbili kwa mwaka mzima kabla ya kuunganisha kumbukumbu.