Trena ya baiskeli ya ndani: pima gurudumu la nyuma kabla ya kununua

Anayerudi kwenye mazoezi baada ya kukaa muda mrefu hahitaji mashine kubwa ya jimu. Baiskeli iliyolala uani inatosha, ukiipatia trena: fremu ya chuma inayobana ekseli ya nyuma, ikaliinua gurudumu kutoka sakafuni na kulikalisha kwenye roli yenye ukinzani. Unapiga pedeli palepale ulipo. Kwa mama asiyetaka macho ya watu barabarani, na kwa siku za masika ambapo njia imejaa maji, ni chombo cha maana sana.

Fedha nyingi hupotea kwa sababu mtu hununua trena kwanza, halafu ndiyo akaangalia kama baiskeli yake inaingia. Anza na baiskeli. Soma namba ubavuni mwa tairi la nyuma. Zile baiskeli ndefu za Kichina na Kihindi tunazozijua sote Unguja na Pemba aghalabu huwa na tairi la 28 × 1½, ambalo pia huandikwa 40-635. Hiyo 635 ni kipenyo cha ringi kwa milimita. Ongeza 40 za tairi juu na 40 chini, unapata 715. Tairi jembamba la baiskeli ya mbio, 25-622, ni 672 tu. Kwa hiyo trena iliyoandikwa kwamba mwisho wake ni 700C, yaani hiyo ringi ya 622, inaweza kukosa nafasi ya kulipokea gurudumu lako. Tafuta inayochukua hadi inchi 29, kisha uhakikishe upana wa roli unalitosha tairi.

Ekseli ndiyo inayosumbua zaidi. Trena nyingi zimetengenezwa kwa ekseli ya kufungua kwa mkono, na huja na ekseli yake ya chuma ya kubadilishia. Baiskeli zetu nyingi zina ekseli ya nati. Hapo unahitaji vikombe vya kubania vyenye shimo linaloimeza nati nzima, au nati maalumu za trena zenye uzi ule ule wa ekseli yako. Kikombe kikishika nusu ya nati, baiskeli itateleza siku utakayosimama juu ya pedeli. Pima kwa rula upana kutoka ncha ya nati moja hadi ya pili, uende dukani na kipimo hicho.

Tazama pia kinachoning'inia kwenye ekseli: miguu ya keria, vyuma vya madigadi na stendi ya nyuma. Stendi lazima itoke, na mara nyingi miguu ya keria nayo. Mpe fundi kazi hiyo, na akimaliza hakikisha gurudumu limekaa katikati ya fremu na mnyororo unacheza kama sentimita 1.

Sasa aina. Trena ya feni hukaza kadiri unavyoongeza kasi, lakini inavuma; katika nyumba ya Mji Mkongwe yenye dari ya boriti, aliye chini hatalala. Ya mafuta ni tulivu na miguu huisikia vizuri, ila sili yake ikichoka huvuja. Ya sumaku ndiyo tunayoipendekeza kwa anayeanza, na iwe na wenzo wa kubadilishia ukinzani unaofungwa kwenye mikono ya baiskeli. Baiskeli isiyo na giya haina njia nyingine ya kukupunguzia mzigo, kwa hiyo bila wenzo huo utabaki na uzito mmoja tu. Na umeme ukikatika, sumaku haijali. Trena za kuunganishwa na simu ziache kwanza. Roli pekee zisizobana ekseli ziache kabisa, zinataka mizani ya mwendeshaji mzoefu.

Ukinunua ya mtumba, izungushe roli kwa mkono huku umeisogezea sikio: ikikwaruza kama ina mchanga, beari zimekufa. Sukuma wenzo hadi mwisho na uurudishe. Waya ulioshikwa na kutu utagoma. Kunjua miguu, uilalie kwa uzito wako, uone kama kufuli zake zinashika.

Nyumbani, iweke kwenye sakafu iliyo sawa, juu ya mpira mzito. Mkeka wa ukili utaoza kwa jasho. Jaza upepo hadi kiwango kilichoandikwa kwenye tairi. Bana ekseli, tikisa baiskeli kwa nguvu, kisha sogeza roli iguse tairi na ukaze skrubu mizunguko 2 au 3. Shika gurudumu lisiende, ujaribu kuzungusha roli: ikiteleza, kaza kidogo tena. Kulegea hulichuna tairi, kukaza mno hulipasha moto. Weka ubao chini ya gurudumu la mbele ili baiskeli isiiname mbele. Tairi la meno hunguruma na kutetemesha. Weka lililo laini.

Kiti kiwe juu kiasi kwamba kisigino kikiwa kwenye pedeli ya chini, mguu unyooke. Goti likiuma kwa mbele, kwa kawaida kiti kiko chini; likiuma kwa nyuma, kiko juu.

Wiki ya kwanza dakika 10 hadi 15, siku 3, kwa ukinzani mdogo unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima. Ongeza dakika 5 kila wiki, ukielekea dakika 150 kwa wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linapendekeza. Mwenye presha, kisukari au moyo amwone daktari kwanza; kifua kikibana au kizunguzungu kikija, shuka.

Ndani hakuna upepo wa mwendo, kwa hiyo pangaboi haitoshi: feni ya kusimama ikuelekee kifuani, hasa miezi ya kaskazi. Tandaza taulo juu ya mikono ya baiskeli na upanguse jasho kila ukimaliza, maana chumvi yake hula skrubu. Buibui na khanga viwe mbali na mnyororo, na watoto mbali na roli, kwani huendelea kuzunguka hata baada ya wewe kuacha.

Tairi la trena huchakaa katikati na kuwa bapa. Kabla ya kurudi barabarani, hasa mvua ikinyesha, libadilishe.