Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Usiku wa Mwisho Melini

Safari nyingi za meli za kitalii za wiki moja Karibiani, zinazoanzia na kuishia Miami huwa na siku ya bahari tupu mwishoni, yaani bila kutia nanga popote. Umeshapita Jamaika, Grand Cayman na Cozumel, na sasa meli inarudi kwa kupita kati ya Cuba na Florida. Abiria wengi huimaliza siku hiyo bwawani, nami sina neno na hilo. Ninachokuomba ni saa moja tu ya asubuhi yake, kabla jua halijakuchosha, kwa sababu usiku huo sanduku lako litatoka mikononi mwako.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Utaletewa chumbani tagi za karatasi zenye rangi au namba. Unazifunga kwenye masanduku, unayatoa nje ya mlango kabla ya saa 4 au saa 5 usiku, na wafanyakazi wanayakusanya usiku kucha na kuyapeleka sitaha za chini. Ukilala, sanduku lako limekwenda. Utalikuta kesho ndani ya jengo la gati, likiwa limepangwa na mengine ya rangi ile ile, baada ya wewe kuitwa na kushuka. Hapo katikati huwezi kulifikia hata uombe vipi.

Mama yangu ana presha. Usiku wetu wa mwisho tulikunja kila kitu vizuri, na pakiti ya dawa zake ikaingia sandukuni pamoja na vitenge. Saa 12 asubuhi, wakati wake wa kumeza, dawa ziko chini ya meli. Zahanati ya melini ipo, lakini ni ya kulipia na bei yake si ndogo, naye akakataa kabisa kupelekwa. Tulizipata saa 3 na nusu. Hakudhurika, namshukuru Mungu, ila muda wote ule nilikuwa namtazama usoni. Ndiyo maana nasema: anza na mfuko wa mkononi, sanduku lifuate. Mfuko uwe na dawa za siku mbili, pasipoti, grini kadi (kadi ya ukazi wa kudumu wa Marekani) kwa aliye nayo, miwani, chaja, funguo za nyumba, maziwa ya mtoto, na nguo za kesho pamoja na viatu. Viatu husahaulika kuliko unavyodhani. Ukishaujaza, mpe mtu mmoja jukumu la kuubeba, asiubadilishe na mwingine.

Masanduku meusi yenye magurudumu yanafanana yote. Funga kipande cha kitenge au kanga kwenye mshikio, kisha lipige sanduku lako picha kwa simu. Aliye na mzigo mwepesi na magoti mazima anaweza kuchagua kuubeba mwenyewe na kushuka miongoni mwa wa kwanza, ila ajue lifti asubuhi hiyo zinajaa. Mzee anayehitaji kiti cha magurudumu aombewe siku mbili kabla, maana asubuhi ile viti havitoshi.

Bili nayo isisubiri. Kila soda, kila picha na kila kifurushi cha intaneti vimeandikwa kwenye akaunti ya chumba chako, na meli nyingi huongeza bakshishi ya kila mtu kwa kila siku bila kukuuliza upya. Ipitie mstari kwa mstari siku moja kabla ya ile ya mwisho. Usiku wa mwisho foleni ya dawati la huduma huwa ndefu sana, na ukishafika nyumbani kubishana kuhusu dola 40 kunachosha zaidi. Kadi ya chumba usiitupe wala kuipakia: ndiyo itakayosomwa na mashine mara ya mwisho unapotoka.

Forodha ya Marekani inahitaji umakini zaidi. Matunda na nyama usishuke navyo, hata ndizi uliyoichukua mezani asubuhi kwa ajili ya mtoto. Ale kabla. Mkazi wa Marekani anayerudi kutoka visiwa hivi kwa kawaida anasamehewa ushuru wa bidhaa za hadi dola 800. Mgeni mwenye viza kiwango chake ni kidogo zaidi. Tunza risiti pamoja na pasipoti. Sigara nene za Cuba (siga) utaziona zikiuzwa waziwazi Cozumel, lakini tangu Septemba 2020 ni marufuku kuziingiza Marekani, hata kwa matumizi yako. Mapambo ya matumbawe meusi nayo yana masharti ya vibali, heri uyaache dukani. Na chupa ya ramu uliyonunua, kama una ndege ya kupanda, ihamishie kwenye sanduku utakalokabidhi kwa shirika la ndege. Ukaguzi wa uwanja wa ndege hauruhusu kimiminika cha zaidi ya mililita 100 mkononi.

Kuna jambo moja ambalo ukilingoja hadi siku hiyo umeshachelewa, nalo ni viza. Ndugu anayetoka Nairobi au Dar es Salaam kuja kupanda meli Miami anaingia Marekani mara mbili: anapofika kwa ndege, na anaporudi na meli. Viza ya kuingia mara moja inaweza kumkwamisha gatini. Ni vivyo hivyo kwa anayepanda Barcelona kwenye meli itakayotia nanga Tunisia au Uturuki kisha irudi: viza yake ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Hakikisha kabla ya kulipia tiketi.

Ndege ya kurudi usiikate ya kabla ya saa 7 mchana. Meli hufika alfajiri, lakini ukungu au foleni ya uhamiaji vinaweza kula saa mbili. Mwili pia una mambo yake. Wengine huhisi ardhi inayumba kwa siku moja au mbili baada ya kushuka, kwa hiyo ukihisi kizunguzungu mpe mwingine usukani. Na endelea kunawa kwa sabuni hadi mlo wa mwisho. Virusi vya kuharisha na kutapika vinavyosambaa melini haviuliwi vizuri na jeli ya mikono.

Ukitaka kumshukuru mhudumu wa chumba chako, muage jioni. Asubuhi utatakiwa kutoka chumbani kufikia saa 2 au saa 2 na nusu, na wakati huo yeye tayari anavua mashuka, kwa sababu abiria wapya wanaanza kupanda kabla ya saa 6 mchana.