Feng shui nyumbani kwako: anza na upepo na maji, dira baadae

Habari zenu wadau. Nimekaa Guangzhou miaka 9 kwenye mambo ya kutuma mizigo, na huko ndo nilijifunza feng shui, elimu ya Wachina ya kuchagua kiwanja na kupanga nyumba, kwa mzee aliyekuwa anatupangisha stoo, sasa hivi nipo Dar na kazi yangu ni kupitia nyumba za watu, zilizokwisha na zile ambazo bado zipo kwenye ramani. Swali la kila wiki ni "nianzie wapi", na wengi wanaouliza wameshanunua chura wa hela wa miguu mitatu, wameshapaka ukuta rangi nyekundu, ila ukimuuliza jua la jioni linapiga chumba gani hajui. Kwa hiyo leo nawapa utaratibu wangu ule ule, na msiwe na wasiwasi hakuna tambiko wala hirizi humu ndani.

Feng ni upepo, shui ni maji. Kitabu cha zamani cha maziko ambacho Wachina wanakihusisha na Guo Pu (276–324) kinaeleza kwamba qi, ile pumzi ya uhai, ikibebwa na upepo inatawanyika na ikikutana na maji inatulia. Ndio, ilianza kwenye kuchagua makaburi, baadae ikaja kwenye nyumba. Shika hayo mawili, mengine yote yanatoka hapo.

Utahitaji daftari, tepu ya fundi, dira ya simu na paketi moja ya udi wa vijiti. Udi ni muhimu kuliko dira, utaona.

Hatua ya 1: kaa nje kwanza

Usiingie ndani. Simama mgongo ukiwa mlangoni, uangalie mbele. Wachina wanaiona nyumba kama kiti: nyuma kobe mweusi, yaani kitu kirefu cha kuegemea, kushoto joka la kijani, kulia chui milia mweupe, hizo ndo mikono ya kiti na joka awe juu kidogo kuliko chui, mbele ndege mwekundu, yaani pawe wazi. Kwao kobe alikuwa mlima upande wa kaskazini unaozuia baridi, na mlango ukaangalia kusini kupokea jua la winta ambalo linapita chini chini. Sasa hapa ndo watu wanapokosea, wanachukua "mlango uangalie kusini" wanaileta Dar kama ilivyo. Sisi hatuna baridi ya kuikimbia, na kuanzia mwezi wa 3 mpaka wa 10 hivi jua la saa sita linapita upande wetu wa kaskazini sio kusini. Mabingwa wenyewe hawakubaliani kuhusu nchi zilizo chini ya ikweta, wapo wanaogeuza na wapo wanaoacha dira kama ilivyo. Mimi dira siigeuzi, ila jua na upepo navisoma vya hapa hapa. Kobe wako anaweza kuwa ghorofa la jirani, ukuta wa fensi au mstari wa miti, cha msingi nyuma pasiwe korongo.

Alafu uliza kuhusu maji. Masika ikinyesha yanapita wapi? Yanaingia getini, yanatuama mbele ya mlango, au yanakula msingi kwa nyuma? Kama kiwanja kipo bondeni kama kule Jangwani, mimi nakwambia ukweli, hakuna kioo wala chemchem ya kuweka sebuleni itakayorekebisha hiyo, tafuta kiwanja kingine. Nimeshapoteza wateja kwa hiyo sentensi na nitaendelea kuisema.

Ukiona barabara inakuja moja kwa moja kwenye geti lako kama herufi T, hiyo kwao ni mshale, huko China wanaweka jiwe lililochongwa maneno Shi Gan Dang. Huku panda michongoma minene au hamisha geti pembeni kidogo, maana taa za magari na vumbi vinaingia ndani kila usiku na gari likikosa breki linaishia kwako. Pembe kali ya nyumba ya jirani inayokutazama nayo ni hivyo hivyo, mti mmoja unatosha.

Hatua ya 2: mlango na udi

Mlango mkubwa ndo mdomo wa nyumba. Fungua mlango na madirisha yote, washa udi, simama hatua moja ndani uangalie moshi unaelekea wapi. Ukikimbia moja kwa moja ukatokea mlango wa nyuma kama mshale basi qi inaingia na kutoka bila kusalimia mtu, na kwa lugha ya kawaida sebule yako ni korido. Ukisimama tu hapo hapo bila kusogea, nyumba haipumui. Unachotaka ni moshi uingie, uzunguke, utoke taratibu.

Dawa ya mshale ni kuukatisha njia. Nyumba za uani za Beijing zina geti kwenye kona ya kusini mashariki na ukifungua unakutana na ukuta wa kukinga, lazima ukate kona ndo uone uani. Na mtu wa Lamu akisoma hapa atacheka kwa furaha maana nyumba zao za mawe nazo unapita daka (baraza ya mlangoni), unaingia tekani (kibaraza cha ndani), unakata kona ndo ufike kiwandani, yaani uani, macho ya mpita njia hayafiki ndani. Wewe weka kabati fupi, rafu ya vitabu au mmea mkubwa, sio ukuta wa kuziba kabisa. Na toa ndoo na rundo la viatu nyuma ya mlango, lazima ufunguke mpaka mwisho.

Hatua ya 3: ramani ya miraba 9

Chora nyumba kwa vipimo, igawe mara tatu kwa tatu. Kupima uelekeo, simama nje mbele ya mlango, sogea mita chache mbali na geti la chuma na gari kwa sababu chuma kinadanganya dira ya simu, pima mara tatu. Dira ya mabingwa inaitwa luopan, ina "milima" 24, yaani vipande vya duara, na kila mmoja nyuzi 15, kwako pande 8 zinatosha. Utakuta mtandaoni wengine wanapanga miraba kwa kufuata mlango bila dira, hiyo ni shule nyingine iliyosambaa Marekani, chagua moja usichanganye. Angalia tu mraba wa katikati: choo kikikaa hapo ni tatizo, na kama bado upo kwenye ramani mwambie mchoraji akisogeze leo.

Hatua ya 4: chumba cha kulala

Hapa ndo nakaa muda mrefu kuliko kote, maana unalala humo theluthi ya maisha yako. Kitanda kichwa kiegemee ukuta mzima, sio dirisha la alumini, ukiwa umelala uuone mlango lakini miguu isitazamane nao, Wachina wanasema ndivyo maiti anavyotolewa. Kioo cha dressing kisikutazame kitandani. Boriti ya zege au ile jipsamu iliyoshuka isipite juu ya kifua chako. Na hizi masta zetu, fundi anaweka choo nyuma ya ukuta wa kitanda, usiku mzima unasikia maji na ukuta una unyevu, hamisha kitanda upande mwingine hata kama chumba hakitapendeza kwenye picha.

Kuna hesabu ya namba ya kua, namba ya mtu inayoonyesha pande zake nzuri. Jumlisha tarakimu mbili za mwisho za mwaka wa kuzaliwa mpaka ibaki moja, mwanaume toa kwenye 10, mwanamke ongeza 5 na ikizidi 9 jumlisha tena, hii ni kwa waliozaliwa kabla ya 2000, na kama ulizaliwa kabla ya tarehe 4 Februari hivi tumia mwaka wa nyuma. Mwanaume wa 1985: 8 na 5 ni 13, 1 na 3 ni 4, 10 toa 4 ni 6. Namba 6 kichwa chake kizuri ni magharibi, kaskazini mashariki, kusini magharibi na kaskazini magharibi.

Mteja wangu wa kwanza Dar alikuwa namba 6. Nikamgeuzia kitanda magharibi, namba moja kwenye orodha yake, nikaondoka nimeridhika. Baada ya wiki mbili akanipigia kwamba halali kabisa, nikaenda saa mbili usiku nikaweka kiganja ukutani, ukuta bado wa moto kwa jua la jioni na kichwa chake kipo pale pale. Iliniuma sana maana mzee wangu alishaniambia gusa ukuta kwanza. Tukakihamishia kaskazini mashariki, ambako kwa namba hiyo kunaitwa daktari wa mbinguni, na upepo wa kaskazi unafika, akaanza kulala. Tangu hapo sigeuzi kitanda cha mtu kabla sijagusa kuta zote nne usiku.

Hatua ya 5: jiko

Moto na maji visigusane. Jiko la gesi na sinki viachie japo sentimita 60, ikishindikana katikati weka kitu cha mbao, maana maji yanalisha mbao na mbao inalisha moto. Mpishi asiupe mlango mgongo. Mtungi ukae penye hewa.

Rangi na mapambo fanya mwisho kabisa, na ukiwa na bajeti ndogo ruka.

Hatua ya 6: rudia na udi

Badilisha kitu kimoja, kaa nacho wiki mbili, andika kwenye daftari mnalalaje na chumba gani watu wanapenda kukaa. Alafu kuanzia mwezi wa 4 au wa 5 kusi ikishashika washa udi tena pale pale mlangoni, moshi utapita njia nyingine kabisa na ile rafu uliyoweka wakati wa kaskazi huenda ikahitaji kusogezwa upande wa pili.