Kufungua tawi la wafanyabiashara wa asili ya Pakistan Texas: serikali rahisi, benki ndiyo shughuli

Houston wana tawi lao, Silicon Valley wana lao. Sisi wa miji midogo ya Texas, yaani madaktari, wahandisi, wenye moteli na vituo vya mafuta, pamoja na wachache tuliozaliwa Mombasa kwa wazazi wa Kipunjabi, tulikuwa tunakwenda kula biriani ya wenzetu kisha tunaendesha gari usiku kurudi makwetu. Sasa tuna tawi letu lililosajiliwa. Yafuatayo ni kwa anayetaka kufungua la kwake.

Anzeni na ruhusa ya jina. Kama mnataka kuwa chini ya mtandao unaojulikana, mathalani OPEN, mtandao wa wajasiriamali wenye asili ya Pakistan ulioanzishwa Boston mwaka 1998, waandikieni kwanza na mpate barua inayosema mnaruhusiwa kutumia jina na nembo. Msajili wa jimbo hatakuulizeni barua hiyo. Atakayeuliza ni benki, na huko hamtaki kufika mikono mitupu.

Halafu kaeni kikao mwandike sentensi moja: tawi hili ni la nini? Msiipuuze, maana kila ofisi mtakayopita itasoma sentensi hiyo hiyo. Kama lengo ni wanachama kujuana, kupeana wateja na kuinua biashara zao, ninyi ni chama cha wafanyabiashara, kifungu cha 501(c)(6) cha sheria ya kodi ya Marekani. Kama ni kufundisha vijana, semina za wazi kwa umma na ufadhili wa masomo, hapo mnaweza kuomba 501(c)(3), na anayewachangia anaweza kudai punguzo la kodi kwa mchango wake. Kila kamati inataka (c)(3) kwa sababu ya hilo punguzo. Lakini huwezi kuandika "kukuza biashara za wanachama" halafu ukajiita shirika la hisani. IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, wanajua kusoma.

Usajili wenyewe ni Fomu 202 ya Katibu wa Jimbo, dola 25, mtandaoni. Wakurugenzi wasipungue watatu, rais na katibu wasiwe mtu mmoja, na wakala wa kupokea nyaraka awe na anwani ya mtaa ndani ya Texas, si sanduku la posta. Mtego uko hapa: fomu ile haina vifungu ambavyo IRS wanavitaka kwa (c)(3), kama kile cha mali iende wapi tawi likivunjwa. Viandikeni wenyewe kwenye nafasi ya maelezo ya ziada. Mkisahau, mtarekebisha kwa Fomu 424, dola 25 nyingine na kusubiri upya.

Namba ya EIN, ile inayolitambulisha tawi lenu kwa mambo ya kodi, ni bure kwenye tovuti ya IRS. Zipo tovuti zenye bendera na tai zinazotoza pesa kwa kazi hiyo hiyo, zipiteni. Jazeni kwa mkupuo mmoja, kwani ukiinuka kuchemsha chai ukarudi, ukurasa umeshakufunga nje.

Sasa benki. Tulikwenda watatu na karatasi zote. Afisa alikuwa kijana mpole, akatupa maji, akaanza kuandika majina. Alipofika kwa mweka hazina wetu, ambaye ni Khan, vidole vikasimama. Akatazama kioo cha kompyuta, akamtazama mzee, akatazama kioo tena. "Mfumo unataka uhakiki kidogo," akasema. Hicho "kidogo" kilikula wiki kadhaa, na ada za wanachama zikabaki kwenye bahasha nyumbani kwa katibu. Mzee akaniambia kwa Kiswahili tukiwa mlangoni, "Mwanangu, Khan wote wa Peshawar wakigombana na Marekani, mimi ndiye nitakayeitwa."

Kinachotokea ni hivi. Benki zinalinganisha majina na orodha ya vikwazo ya OFAC, ofisi ya Wizara ya Fedha ya Marekani, na orodha hiyo ina Muhammad, Ahmed na Khan wa kutosha. Kompyuta ikiona mfanano, faili linakwenda kwa wakaguzi wa makao makuu, watu wasio na simu wala sura. Afisa wa tawi la benki hana uwezo wa kuliharakisha, kwa hiyo kumgombeza ni kupoteza pumzi. Kinacholikwamua ni taarifa za kumtofautisha mtu wenu na yule wa orodhani: jina kamili bila kufupisha, tarehe na mahali pa kuzaliwa, pasipoti, na kwa mwenye NICOP, kitambulisho cha Wapakistani walio ng'ambo, nakala yake, maana ina jina la baba pia. Majina yaandikwe herufi kwa herufi namna moja kila mahali. Mohammad wa leseni na Muhammad wa pasipoti ni watu wawili mbele ya kompyuta. Pelekeni yote siku ya kwanza, msingoje kuulizwa.

Mtaulizwa pia kama mtatuma pesa nje. Kama hamtumi, lisemeni hilo kwenye muhtasari wa kikao uliosainiwa. Kama mtatuma, semeni kweli na mwelezee ni kwa nani na kwa nini. Mkificha, akaunti itafungwa baadaye, na kufunguliwa tena ni kazi nyingine.

Maombi ya msamaha wa kodi kwa IRS hupitia Pay.gov, tovuti ya malipo ya serikali ya Marekani. Chama cha (c)(6) ni Fomu 1024, dola 600. Kwa (c)(3) ndogo isiyotarajia kupita dola 50,000 kwa mwaka, Fomu 1023-EZ ni dola 275. Ombeni ndani ya miezi 27 tangu kusajiliwa ili msamaha urudi nyuma hadi siku ya kwanza.

Msamaha wa kodi za jimbo la Texas huombwa kwa Fomu AP-204. Wa (c)(6) husamehewa kodi ya biashara ya jimbo tu. Kodi ya mauzo mnalipa kama kila mtu, kwa hiyo mkipiga hesabu ya chakula cha uzinduzi iwekeni.

Mwisho ni taarifa ya mwaka. Tawi lenye mapato yasiyozidi dola 50,000 hujaza Fomu 990-N ya IRS mtandaoni, na kwa wanaofuata mwaka wa kalenda tarehe ni 15 Mei. Ni maswali machache tu. Mkiiruka miaka mitatu mfululizo msamaha unafutwa wenyewe, na mtaomba upya kwa ada ile ile. Mpeni kazi hiyo katibu, si mwenyekiti.