Kabla hujafika mapokezi: kupata chumba kizuri hotelini Nairobi

Chumba utakacholala mara nyingi huwa kimeshapangwa kabla hujashuka kwenye teksi. Asubuhi, watu wa mapokezi hutazama nani anaondoka, vyumba gani vimeshafanyiwa usafi na vipi vimefungwa kwa matengenezo, kisha huwagawia wageni wa siku hiyo. Asiyeomba chochote hupewa kinachobaki, na kinachobaki ni kile kinachotazamana na lifti au kilicho juu ya jenereta. Ndiyo maana maneno matamu kwenye kaunta hayafui dafu mbele ya simu iliyopigwa mapema.

Ukiweza, weka nafasi kwa hoteli yenyewe. Tovuti za kuuza vyumba hukata kamisheni, kwa hiyo uliza kama watakupa bei ileile ya mtandaoni au wakuongezee kiamsha kinywa. Mkenya au mkazi aulize bei ya wakazi, na abebe kitambulisho chenyewe. Picha ya kwenye simu inaweza kukataliwa ukajikuta unadaiwa bei ya mgeni wa nje. Siku nazo zina uzito wake. Hoteli za Upper Hill na Westlands zinazotegemea watu wa kazi hubanwa zaidi Jumatatu hadi Alhamisi, lakini wikendi nafasi hupatikana. Kukiwa na mkutano mkubwa Gigiri, kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa, au KICC, jumba la mikutano la katikati ya jiji, sahau kabisa habari ya kuhamishiwa chumba kikubwa bure.

Siku ya kufika, piga simu kati ya saa tano na saa sita, msongamano wa wanaoondoka ukishapungua. Taja jina, namba ya nafasi na saa utakayofika, kisha omba mambo mawili tu, na uhakikishe yameandikwa kwenye nafasi yako. “Nataka chumba kizuri” haimwambii mhudumu lolote. “Ghorofa ya tano kwenda juu, upande usio na barabara, kisicho na mlango wa kuunganisha na chumba jirani” anaweza kulitafuta kwenye kompyuta. Mlango wa kuunganisha hupitisha sauti kuliko ukuta. Ukiwa na jirani anayekoroma utamsikia vizuri.

Cha kuomba kinategemea mtaa. Westlands, Ijumaa na Jumamosi muziki wa vilabu hukesha, na ghorofa ya juu haisaidii ikiwa kilabu kiko kwenye paa la jengo la jirani. Huko cha maana ni upande dirisha linakotazama. Katikati ya jiji, karibu na River Road na Accra Road, honi za matatu na sauti za makanga huanza kabla hakujapambazuka, na hapo chumba cha juu upande wa nyuma kinakufaa. Kando ya Uhuru Highway na Waiyaki Way kuna mtego mwingine: Expressway, iliyoanza kutumika mwaka 2022, imeinuliwa kwa nguzo, kwa hiyo chumba cha ghorofa ya tatu kinaweza kuwa sambamba na magari. Uliza pia maji ya moto yanatoka wapi. Yakitegemea sola peke yake, Julai yenye mawingu itakutesa, maana jiji liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na vyumba vingi havina cha kupasha joto.

Muda wa kuingia kwa kawaida ni saa nane mchana. Ukifika saa nne, utapewa kilicho tayari, hata kama kizuri bado kinasafishwa. Afadhali uache mizigo mapokezi ukanywe chai. Kwenye kaunta sema: “Habari za mchana. Niliomba upande wa nyuma, sijui kimepatikana?” Kama hakipo, uliza tofauti ya bei ya daraja linalofuata kwa usiku mmoja, na kama imejumlisha VAT ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2. Shilingi 4,000 kabla ya kodi hizo huwa 4,720. Chai ya kaunta, yaani hongo, usijaribu: kamera zipo, na mfumo huonyesha nani amebadilisha chumba. Kuhusu amana, kumbuka kwamba ukitumia kadi ya benki isiyo ya mkopo, pesa zako zinaweza kuzuiliwa kwa siku kadhaa hata baada ya kuondoka.

Ukiingia chumbani, acha mizigo mlangoni. Fungulia maji ya moto kwa dakika mbili, funga dirisha usikilize, kagua kitasa, kisha angalia kama wi-fi inafika kitandani. Usikalie kitanda wala kutumia choo kabla hujaridhika: chumba kilichoguswa lazima kisafishwe upya, na hapo mhudumu atasitasita kukuhamisha. Kikiwa na kasoro, rudi mapokezi papo hapo na useme kasoro yenyewe, “bomba la maji moto halitoi,” badala ya “sijapenda.” Hoteli ikiwa imejaa, omba uandikwe kuhamishwa kesho yake, na kabla ya kutoka asubuhi funga mizigo yako uiache tayari, ili waihamishe bila kukusubiri.