Somo: Soma bei za supamaketi kabla hujashika jembe

Ndugu zangu wenye bustani ndogo, swali la "nipande nini?" huulizwa sana, na jibu lake la kawaida ni "panda unachopenda kula". Ni jibu zuri ila halitoshi. Mwenye tuta moja au ndoo chache hana nafasi ya kupanda kila anachopenda. Rafu ya mboga ya supamaketi inaweza kumsaidia kuchagua, mradi ajue kuisoma, maana bei ya kilo peke yake inapotosha.

Hatua ya 1: Andika unachonunua kweli

Tunza risiti za mwezi mzima. Andika mboga ulizonunua, na kando ya kila moja andika kiasi ulichotupa. Hapo ndipo majani ya viungo yanapojitokeza. Unanunua fungu zima la giligilani, unatumia vijiti viwili vitatu, lililobaki linageuka uteute kwenye friji. Ukitupa nusu ya fungu, ile nusu uliyokula umeilipia mara mbili. Mwenye mmea wake huchuma kiasi cha sufuria ya siku hiyo tu.

Hatua ya 2: Geuza kila bei iwe ya kilo

Fungu, pakiti na kichwa havilinganishiki. Viweke kwenye mizani ya dukani. Kisha chukua mboga yenye bei ya chini kuliko zote katika orodha yako, iite 1, na kwa kila nyingine andika ni mara ngapi ya hiyo. Bei zote zikipanda kwa pamoja, uwiano huo bado utakufaa.

Hatua ya 3: Jiulize kwa nini ni ghali

Hatua hii wengi huiruka, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote.

Viazi, vitunguu maji na karoti mara nyingi huwa na bei nafuu kwa sababu mashamba makubwa huvivuna kwa mashine, hukaa ghalani muda mrefu na huvumilia safari. Kwa bei hutaviweza. Majani laini kama letasi, mnanaa na giligilani hunyauka upesi, mara nyingi huchumwa kwa mkono, hutaka ubaridi tangu shambani hadi rafuni, na muuzaji huingiza kwenye bei hasara ya yale yatakayooza. Gharama hizo wewe huna, kwa sababu unachuma na kupika saa hiyo hiyo. Ughali wa namna hii ndio wa kuufuata.

Kuna ughali wa msimu, na huu una mtego. Nyanya zimeadimika leo, unakimbilia kupanda. Mche wa nyanya huchukua kama miezi miwili hadi mitatu tangu kupandikizwa mpaka kuzaa, na huenda wakati huo kila mkulima anavuna na bei imeanguka. Kwa hiyo ingiza kwenye hesabu bei ya mwezi utakaovuna. Kama huijui, anza kuiandika sasa, mwakani utakuwa nayo.

Na ikiwa mboga ni ghali kwa sababu hali ya hewa yenu haiikubali, iache dukani.

Hatua ya 4: Hesabu nafasi na muda

Zidisha kilo unazotarajia kwa mita moja ya mraba kwa uwiano wa bei, kisha gawanya kwa miezi ambayo mmea utakalia ardhi.

Namba hizi ni za mfano tu, weka zako. Kabichi: vichwa 4 vya kilo 1.5 ni kilo 6. Uwiano wa bei ni 1, inakaa miezi 3. Alama zake ni 2. Giligilani: kilo 1.5, uwiano 8, mwezi 1 na nusu. Alama ni 8. Kabichi imeleta uzito mara nne, lakini kwa thamani imeachwa mbali. Mboga unayochuma majani ya nje na kuuacha moyo uendelee kuchipua, kama spinachi, huongeza kilo bila kupandwa upya, kwa hiyo hesabu mavuno yake yote.

Hatua ya 5: Toa gharama

Zidisha alama kwa bei ya kilo ya ile mboga uliyoiita 1, upate thamani ya mwezi kwa pesa, kisha toa gharama za mwezi: mbegu, mbolea, maji. Vyungu na zana gawanya kwa misimu vitakayodumu.

Maswali ya wanachama

*Nitumie bei ya ofa au ya kawaida?*
Ile unayolipa mara nyingi. Kama huwa unasubiri ofa, tumia ya ofa, la sivyo utaipa bustani sifa isiyo yake.

*Kibaraza changu kinapata jua saa 3 tu kwa siku. Nyanya zimepata alama nyingi. Nipande?*
Hapana. Mimea inayozaa matunda, kama nyanya, hutaka jua kwa muda wa saa 6 au zaidi kwa siku. Kwako panda majani: letasi, spinachi, mnanaa.

*Mnanaa wa dukani unaweza kuchipua?*
Ndiyo, ukiwa mbichi. Kata shina chini kidogo ya kifundo, ondoa majani ya chini, weka kwenye maji. Mizizi hutoka kwa wiki moja au mbili. Upande kwenye chungu chake peke yake, maana ukiwekwa tutani huenea na kubana wenzake.

*Letasi yangu yote hukomaa siku moja, nusu naigawa.*
Basi usiihesabu yote. Kilo zinazoingia kwenye hesabu ni zile ambazo ungezinunua. Panda mstari mfupi kila baada ya wiki mbili badala ya tuta zima kwa mkupuo.

*Kwa hiyo viazi ni marufuku?*
Kama una eneo kubwa ambalo lingekaa bure, panda. Hesabu hii ni ya mwenye nafasi finyu, anayelazimika kuchagua.